Mwaka wa Onazi katika Sayansi ya Dawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wanaomaliza shahada ya kwanza na kujiuliza kama waongeze mwaka mmoja wa utafiti. Niliupitia mwaka huo, na baadaye nikawaelekeza wengine maabarani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hujikwaa. Mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe halina mengi.

Onazi ni nini? Ni ile shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi?

Hapana. Shahada ya heshima hupewa mtu kwa mchango wake, bila kukaa darasani wala kufanya mtihani. Onazi ni mwaka wa masomo unaowekwa juu ya shahada ya kwanza, na kiini chake ni mradi wa utafiti unaoandikiwa tasnifu. Utaukuta zaidi Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Nchi zote tatu zimeuweka ngazi ya 8 katika mfumo wao wa kitaifa wa sifa za elimu, ngazi moja juu ya shahada ya kawaida ya miaka mitatu. New Zealand na Afrika Kusini huuhesabu kwa krediti 120, na kila krediti ni takribani saa 10 za kazi, yaani saa 1,200 kwa jumla.

Uzito wa utafiti haulingani kila mahali. Afrika Kusini sehemu ya utafiti ni krediti 30 au zaidi, kwa hiyo masomo ya darasani yanaweza kuchukua nafasi kubwa. Australia, katika sayansi ya dawa, utashinda maabarani karibu mwaka mzima. Na ukikutana na mtu aliyesoma England akasema ana onazi, kwa kawaida anazungumzia shahada yake ileile ya miaka mitatu iliyopangwa kwa madaraja, wala hakuongeza mwaka wowote.

Inatofautianaje na uzamili?

Uzamili uko juu yake kwa ngazi moja na aghalabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Onazi ni fupi, na huko Australia inaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye uzamivu bila kupitia uzamili. Watu wengi kutoka nchi zisizo na mwaka huu hushangaa kusikia hivyo, lakini ndivyo njia ilivyojengwa.

Nikimaliza nitakuwa mfamasia?

Hapana. Ufamasia unahitaji shahada ya famasia, mafunzo ya vitendo na usajili. Sayansi ya dawa inahusu dawa yenyewe: inavyobuniwa, inavyotengenezwa, inavyopimwa na inavyosafiri mwilini. Jibu hili ulijue kabla ya kulipa ada, maana nimeona watu wakilitambua wakiwa wamechelewa.

Nahitaji alama gani ili nikubaliwe?

Kila chuo kina kiwango chake, na kwa kawaida huangalia wastani wa masomo ya mwaka wa mwisho yanayohusiana na fani, kama kemia, famakolojia au uundaji wa dawa. Lakini alama peke yake hazitoshi. Karibu kila mahali lazima awepo msimamizi aliyekubali kukupokea. Mwenye alama nzuri asiye na msimamizi hana nafasi.

Miradi huwa ya aina gani?

Hapa ndipo fani hii inaponipendeza zaidi, kwa sababu milango ni mingi na kila mmoja unataka mtu wa tabia tofauti.

Kuna kemia ya dawa, ambapo unatengeneza molekuli mpya au unabadilisha iliyopo. Mfano wake mzuri umetoka Melbourne. Mwaka 1983 timu ya Peter Colman ilichapisha umbo la kimeng'enya cha neuraminidesi, ambacho kirusi cha mafua hukitumia kujinasua kutoka kwenye seli kilichozaliwa humo. Umbo lilipojulikana, kundi la Mark von Itzstein katika Chuo cha Famasia cha Victoria, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Monash, lilibuni molekuli ya kuziba mfuko wa kimeng'enya hicho. Kilichopatikana ni zanamivir, iliyoidhinishwa mwaka 1999 kwa jina la Relenza. Tangu umbo hadi unga wa kuvuta kwa pumzi ilipita miaka 16. Wewe una miezi tisa au kumi, kwa hiyo utashika kipande kimoja tu cha safari kama hiyo: labda molekuli tano zinazotofautiana kwa kundi moja la atomi, na swali la ipi inashika kimeng'enya vizuri zaidi.

Kuna uundaji wa dawa, yaani namna ya kuigeuza kemikali kuwa kidonge, sindano, krimu au unga wa kuvuta. Watu huudharau mlango huu wakidhani ni kuchanganya unga tu. Wakumbuke ritonavir, dawa ya VVU iliyoingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 ilijitokeza kiwandani aina ya fuwele ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kabla. Molekuli ilikuwa ileile, ila imejipanga kwa namna nyingine, na fuwele hizo mpya ziliyeyuka kwa shida mno. Vidonge vyake vya kapsuli vikaondolewa sokoni hadi dawa ilipoundwa upya. Wagonjwa walikosa kapsuli zao kwa sababu ya mpangilio wa molekuli ndani ya fuwele. Tangu hapo kutafuta maumbo yote ya fuwele ya dawa kumekuwa kazi nzito, na sehemu ya kazi hiyo inaweza kabisa kuwa mradi wa mwaka mmoja.

Kuna pia ufikishaji wa dawa, kwa mfano chembe za mafuta zinazobeba dawa isiyopenda maji. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza kuzipanga dawa za kumeza katika makundi manne kwa kuangalia mambo mawili: zinavyoyeyuka na zinavyopenya ukuta wa utumbo. Miradi mingi ya onazi inahusu dawa za kundi la pili, zinazopenya vizuri ila haziyeyuki. Halafu kuna famakolojia, unapochunguza jinsi seli zinavyoitikia dawa, na kuna uchambuzi wa kemikali, na kazi za kompyuta ambazo hazihitaji koti jeupe kabisa.

Ukiwa mtu asiyeweza kustahimili kurudia jambo moja mara arobaini, kaa mbali na kemia ya kutengeneza molekuli. Ukiwa huwezi kwenda maabarani Jumapili kulisha seli, usichague kuotesha seli. Seli hazijui wikendi.

Nimpateje msimamizi?

Anza miezi minne hadi sita kabla ya mwaka wako kuanza. Soma machapisho mawili ya karibuni ya kila mtu unayemfikiria, na usiishie kwenye muhtasari. Soma sehemu ya mbinu, maana hiyo ndiyo itakayokuwa maisha yako ya kila siku. Matokeo yanaweza kukusisimua, kumbe kuyapata kulihitaji miezi ya kupima sampuli 600 kwa mashine moja.

Kisha andika barua pepe fupi. Taja jambo moja mahususi katika kazi yake lililokuvuta, masomo uliyofanya yanayohusiana nalo, mwaka unaotaka kuanza, na omba dakika 20 za mazungumzo. Ambatanisha matokeo yako. Barua moja inayotumwa kwa watu 20 kwa kubadilisha jina tu hutambulika mara moja, na walimu wa idara moja huongea.

Mkikutana, usiogope kuuliza. Wanafunzi wengi huenda kama wanaoenda kuhojiwa, wakasahau kwamba nao wanachagua. Mimi ningeuliza haya: Nani atanionyesha kazi kila siku, wewe mwenyewe au mtu mwingine wa kundi? Tutakutana mara ngapi? Kemikali na seli za mradi huu zipo tayari au zinasubiri kuagizwa? Kibali cha maadili kipo? Kuna kipindi utakuwa likizo ya kitaaluma? Rasimu ya sura huchukua muda gani kurudi? Msimamizi mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Hufurahi, kwa sababu yanamwonyesha mtu anayejua anachokiingia.

Halafu zungumza na wanafunzi wa maabara hiyo akiwa hayupo. Waulize waliofanya onazi mwaka uliopita wako wapi sasa, na walimaliza wakiwa na hali gani. Wakinyamaza kidogo kabla ya kujibu, zingatia ukimya huo.

Ushauri wangu, nautoa bila kusitasita: mradi wako wa pili kwa kupendeza chini ya msimamizi anayepatikana ni bora kuliko mradi wa ndoto chini ya mtu usiyemwona. Mwaka ni mfupi mno kumsubiri mtu.

Nitajuaje kama swali la utafiti linaingia ndani ya mwaka mmoja?

Hesabu wiki. Chukua karatasi, andika kila hatua, na uweke muda wake wa kweli.

Tuseme mradi wako unapima jinsi dawa inavyopenya tabaka la seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu na zinazotumiwa duniani kote kuiga ukuta wa utumbo. Seli hizo zikipandwa huhitaji kama siku 21 kukomaa kabla hujaweka tone la dawa. Ukitaka marudio matatu huru na ukayafanya moja baada ya jingine, umetumia wiki tisa. Ukiyapanda kwa kupishana wiki moja moja, yote yanakamilika wiki ya tano. Kazi ni ileile, ila mmoja amejiokolea mwezi mzima kwa kalamu tu. Na kuvu ikiingia kwenye seli zako wiki ya pili, aliyehesabu bado ana nafasi ya kuanza upya.

Au tuseme unataka kupima uthabiti wa dawa. Miongozo ya kimataifa inataka jaribio la kuharakishwa la miezi sita kwenye nyuzi joto 40 na unyevunyevu wa asilimia 75. Ukiweka sampuli mwezi wa nne, zitatoka mwezi wa kumi, na tasnifu yako inaweza kutakiwa mwezi huohuo. Hapo lazima upunguze: miezi mitatu, au joto kali zaidi kwa muda mfupi, na uandike wazi kwamba umepunguza na kwa nini.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba ratiba ikijaa bila wiki nne tupu, mradi umezidi. Wiki hizo tupu zitajazwa na mashine iliyoharibika, kemikali iliyokwama bandarini, na homa yako mwenyewe.

Mwaka wenyewe huendaje?

Australia wengi huanza kati ya mwezi wa pili na wa tatu, na vyuo vingine huruhusu kuanza katikati ya mwaka. Wiki za mwanzo ni mafunzo ya usalama na kusoma. Mwezi wa pili au wa tatu wa mradi utaandika mapitio ya machapisho na kutoa wasilisho la mpango wako. Katikati ni maabara. Mwishoni ni tasnifu, wasilisho la mwisho na maswali ya watahini.

Karibu kila mwanafunzi hupata data yake nzuri mwishoni, mikono inapokuwa imezoea. Ndiyo maana kuacha maabara ili kuandika huwa vigumu. Weka tarehe ya jaribio la mwisho mapema, mwambie msimamizi, na uiheshimu. Jaribio moja zaidi huwa linajitokeza kila wiki.

Sijawahi kugusa mashine za HPLC (ya kutenganisha na kupima kemikali) wala NMR (ya kuonyesha muundo wa molekuli). Nitaaibika?

Hapana. Unategemewa kufundishwa. Kinachokera maabarani ni kubahatisha kwenye mashine ya gharama kubwa kwa kuona haya kuuliza.

Jaribio likishindwa, nitafeli?

Hofu hii ndiyo inayowanyima wanafunzi usingizi, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

Mtahini hapimi kama dawa yako ilifanya kazi. Anapima kama ulielewa swali, ulichagua njia kwa sababu, ulijua mipaka yake, na uliyasoma matokeo kwa uaminifu. Molekuli isiyoshika kimeng'enya chochote inaweza kupata daraja la kwanza ikiwa mwandishi anaonyesha kwa ushahidi kwamba haishiki. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya jibu la hapana na kutokuwa na jibu. Ukiwa na sampuli ya ulinganisho inayojulikana kufanya kazi, na ikafanya kazi, huku yako imekaa kimya, hilo ni jibu la hapana. Kama hata ya ulinganisho ilikaa kimya, hujui chochote bado. Jaribio lisilo na ulinganisho mzuri ndilo linaloshindwa kweli.

Niwape kisa changu. Nilitumia wiki tatu kukifuatilia kilele kidogo kwenye kromatogramu, yaani mchoro unaotolewa na mashine ya HPLC. Niliamini ni zao la kuvunjika kwa dawa, nikaanza hata kukiandikia aya. Kila nilipopima kilikuwepo, na kilikua kadiri dawa ilivyokaa muda mrefu kwenye bomba la sindano. Siku moja mwenzangu mmoja aliniambia nipitishe kimiminiko kitupu, kisicho na dawa, kwenye kichujio kilekile cha plastiki. Kilele kikatokea vilevile. Kilitoka kwenye kichujio. Nililia kidogo, kisha nikaandika nusu ukurasa kuhusu vichujio, na mtahini mmoja akausifu ukurasa huo kuliko sura nzima iliyofuata. Tangu siku hiyo sijawahi kupima sampuli bila kupima kwanza kimiminiko kitupu kilichopita njia yote ya sampuli.

Ukiona mambo hayaendi kwa wiki mbili mfululizo, usijifungie. Mpelekee msimamizi data mbaya ikiwa bado mbichi. Wanafunzi husubiri wapate kitu kizuri cha kuonyesha, na kusubiri huko ndiko kunakomaliza mwaka.

Daftari la maabara niliandikeje?

Andika siku hiyohiyo, kwa tarehe, kwa wino au kwenye mfumo wa kielektroniki wa maabara yako. Andika namba ya toleo la kila kemikali, joto, uzito uliosomwa kwenye mizani na si uliokusudia, na makosa pia. Ukipima miligramu 10.3 usiandike 10. Kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja ili lisomeke. Daftari hilo ni mali ya maabara. Wewe utaondoka, litabaki.

Marudio mangapi yanatosha?

Hili linahitaji uangalifu kwa sababu neno "marudio" linaficha mambo mawili. Ukichukua chupa moja ya seli, ukazigawa kwenye visima vitatu vya sahani moja, siku moja, kwa myeyuko mmoja wa dawa, huna majaribio matatu. Una jaribio moja lililopimwa mara tatu. Visima hivyo vinakuambia mkono wako unanyonya kimiminiko kwa usawa kiasi gani, basi. Marudio huru ni siku tofauti, seli za kizazi tofauti, myeyuko uliotengenezwa upya. Vivyo hivyo kwa vidonge: vidonge sita kutoka mchanganyiko mmoja haviwezi kukuambia kama unaweza kuutengeneza mchanganyiko huo tena.

Katika tasnifu sema wazi n yako, yaani idadi ya marudio, inahesabu nini. Nimesoma tasnifu nzuri zilizopoteza alama kwa sababu n = 9 iligeuka kuwa siku tatu za visima vitatu. Na mwone mtu wa takwimu kabla ya kuanza. Ukimwendea baada ya kumaliza, mara nyingi atakachoweza kukufanyia ni kukueleza ulipokosea.

Mradi wangu una panya. Nifanye nini?

Kwanza jiulize kama unaweza, moyoni. Hakuna ubaya kukataa, na mwambie msimamizi mapema. Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama huchukua muda, hivyo kwa mwaka wa onazi mradi unapaswa kuwa chini ya kibali kilichopo, na jina lako liongezwe. Utafundishwa kushika mnyama kabla ya kufanya lolote. Kazi yote hufuata kanuni tatu zilizowekwa na Russell na Burch mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, na boresha namna unavyomtendea ili asiumie. Kanuni ya pili inarudi kwenye takwimu: wanyama wachache kupita kiasi huleta jaribio lisilojibu kitu, na hapo wamekufa bure.

Naweza kufanya kazi ya kujipatia kipato?

Unaweza, kwa kipimo. Mwanafunzi wa kigeni Australia anaruhusiwa saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa masomo, kiwango kilichoanza Julai 1, 2023. Walio kwenye uzamili wa utafiti na uzamivu hawana kikomo hicho, lakini onazi haimo kwenye msamaha huo. Sheria ikiruhusu 48, mwili na maabara vitaruhusu chini ya hapo. Waliofanya vizuri niliowafahamu walifanya kazi siku moja au mbili kwa wiki, zilezile kila wiki, na kundi zima lilizijua.

Nimekosana na msimamizi.

Zungumza naye mapema, kwa mambo mahususi: "nahitaji tukutane kila wiki" badala ya "hunijali". Baada ya mazungumzo mtumie barua pepe ya mistari mitatu ya mlichokubaliana. Isiposaidia, kila programu ina mratibu wa onazi, na kazi yake ni hiyo. Kumwendea si usaliti. Kama kuna matusi, kunyanyaswa au kuombwa ubadilishe data, usisubiri hatua hizo, nenda kwa mratibu siku hiyohiyo.

Tasnifu ni ndefu kiasi gani?

Fuata mwongozo wa chuo chako, maana ukomo wa maneno hutofautiana sana, na baadhi hutaka iwe kwa muundo wa makala ya jarida. Andika sehemu ya mbinu wakati unafanya kazi, si baadaye. Anza na michoro: ipange mezani, iangalie kama inasimulia jambo moja, kisha ndipo uandike maneno ya kuiunganisha. Mchoro usiohitajika, hata kama ulikugharimu mwezi, uende kwenye kiambatisho.

Kuhusu programu za akili mnemba, uliza kanuni ya chuo chako kwa maandishi kabla ya kuzitumia. Kwa vyovyote vile, mbele ya watahini utakuwa peke yako, na sentensi usiyoielewa kwenye tasnifu yako ndiyo watakayoiulizia.

Daraja la kwanza linafungua nini?

Katika vyuo vingi vya Australia daraja la kwanza huanzia alama 80, na daraja la pili la juu 70 au 75, kutegemea chuo. Uzamivu kwa kawaida unahitaji moja ya hayo mawili. Ufadhili ndio unaobana: ule wa serikali ulioanza mwaka 2017, unaojulikana kwa kifupi RTP, hugharamia ada na unaweza kukupa posho ya kuishi, na ushindani wake huwafanya wengi wanaoupata wawe wa daraja la kwanza. Jina lako kwenye chapisho husaidia pia, ila usiujenge mwaka wako juu ya hilo. Makala huchukua muda kupita kwa wahakiki, na ya kwako inaweza kutoka wewe ukiwa umeshahama.

Na nisipotaka uzamivu?

Kuna viwanda vya dawa, maabara za kupima ubora, usimamizi wa majaribio ya kitabibu, mamlaka za udhibiti wa dawa, uandishi wa kitabibu na ofisi za hataza. Waajiri hao wanamtaka mtu anayeweza kuandika itifaki, kuifuata, na kueleza kwa nini matokeo hayakuwa alivyotarajia. Kwenye mahojiano, eleza jambo moja lililokukwama na ulivyolikwamua. Nimeona hilo likiwapa watu kazi kuliko orodha ndefu ya mashine.

Sina hakika kama napenda utafiti. Nijaribu tu?

Kabla ya kujaribu mwaka mzima, omba wiki nne hadi nane za likizo ndefu kwenye maabara yoyote. Vyuo vingi vina mpango wa namna hiyo, baadhi kwa posho. Ukijikuta unawaza swali la maabara ukiwa unaoga, endelea. Ukijikuta unaangalia saa kila alasiri, umejua jambo la thamani kwa gharama ndogo, na bado una shahada yako.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Maliza mafunzo ya usalama yote, hata yale yanayoonekana ya kitoto, kwa sababu bila cheti chake hutaingia. Jua palipo na bafu la dharura na la kuosha macho, na ufike hapo kwa miguu ukiwa umefumba macho, maana siku ya kulihitaji ndivyo utakavyokuwa. Soma karatasi ya usalama ya kila kemikali ya mradi wako. Weka nafasi kwenye kalenda ya mashine utakayoitumia zaidi, hata kwa miezi miwili ijayo. Agiza chochote kinachotoka nje ya nchi siku hiyohiyo. Na mtafute fundi wa maabara, jitambulishe kwa jina, umuulize ni kosa gani wanafunzi wapya hulifanya kila mwaka. Yeye analijua.